Warudishieni wanafunzi makosa yao: barua ya wazi kwa wasimamizi wa mitihani ya kujipima ya tiba

Kwa wenyeviti wa bodi za mitihani ya udaktari, wakuu wa vitivo vya tiba, na ninyi nyote mnaoendesha mitihani ya kujipima kwa njia ya mtandao.

Yah: Mrejesho wanaopewa wanafunzi baada ya mtihani wa kujipima

Waheshimiwa, salaam.

Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Mwanafunzi wa tiba akimaliza mtihani wa kujipima, ambao mara nyingi ameulipia mwenyewe na kuukalia saa nne au tano bila kuinua kichwa, mnampa ukurasa mmoja. Juu kuna alama. Chini ya alama kuna mchoro: moyo na mishipa, wastani, figo, chini ya wastani, endokrini (tezi na homoni), chini ya wastani, mfumo wa fahamu, juu ya wastani. Basi. Maswali aliyoyajibu hayaoni tena. Kama alikosa kwa kutojua, kwa kusoma haraka au kwa kujua nusu, ukurasa haumwambii, na hakuna wa kumuuliza.

Mimi ni daktari ninayefundisha wanafunzi wodini, na kurasa hizo huishia kwangu. Huja nazo kwenye simu, wananionyesha, wananiuliza, "Daktari, sasa nisome nini?" Mchoro ule haunipi chochote cha kuwajibu. Unaniambia mahali penye moshi, tena kwa kukadiria, hauniambii nini kinaungua.

Ombi langu ni moja. Mtihani wa kujipima umrudishie mwanafunzi swali lenyewe, chaguo alilolichagua, jibu sahihi, na maelezo ya kwa nini kila chaguo liko sawa au haliko sawa. Mengine yote nitakayoyasema humu yanatoka kwenye ombi hilo.

Nichukue swali la aina ambayo watunzi wenu hulitunga kila mwaka. Msichana wa miaka 19 mwenye kisukari cha aina ya kwanza analetwa idara ya dharura. Anatapika tangu jana, anapumua kwa kasi na kwa kina, ulimi umemkauka. Sukari kwenye damu ni 28 mmol/L, pH ya damu 7.1, ketoni ziko juu, potasiamu 2.8 mmol/L. Dripu ya maji ya chumvi imeshaanza na mkojo unatoka. Hatua inayofuata ni ipi? Machaguo ni kuanza insulini kwa mshipa, kumpa bikaboneti (dawa ya kupunguza asidi), kumwongezea potasiamu kabla ya insulini, kupunguza kasi ya dripu, au kumpiga picha ya kichwa.

Jibu ni potasiamu kwanza. Insulini huiondoa potasiamu kwenye damu na kuiingiza ndani ya seli. Ukiianza kwa mgonjwa ambaye potasiamu yake imeshashuka kiasi hicho, unaweza kuuvuruga mdundo wa moyo na kumpoteza mgonjwa huku sukari ikishuka vizuri kabisa. Mwongozo wa Marekani wa 2009 uliliweka wazi jambo hili: potasiamu ikiwa chini ya 3.3, insulini isubiri.

Sasa wachukueni wanafunzi wanne waliokutana na swali hilo. Wa kwanza hakuiona potasiamu. Aliona kisukari, kutapika na pH ya chini, akaikimbilia insulini kabla hajamaliza mstari wa vipimo. Huyu hana kipya cha kusoma. Ana tabia ya kuacha: kugusa machaguo kabla ya kumaliza vipimo. Wa pili aliiona 2.8 na akajua kuwa iko chini, ila hajui kwamba insulini itaishusha zaidi. Huyu ana pengo la fiziolojia, nalo linazibika kwa aya moja. Wa tatu ndiye anayenivutia zaidi. Amesoma, tena amesoma vizuri, na anakumbuka kwamba mgonjwa wa namna hii kwa kawaida hufika hospitali akiwa na potasiamu ya kawaida au ya juu. Ni kweli. Kwa hiyo akaichukulia 2.8 kuwa ni hitilafu ya maabara, akaendelea na insulini. Alichokosa ni kuunganisha: potasiamu ya mwilini huwa imeshapungua sana hata pale inapoonekana ya kawaida kwenye damu, kwa hiyo mgonjwa anayefika akiwa na 2.8 ana upungufu mkubwa kuliko kawaida, na ndiye wa kuogopewa zaidi. Wa nne alichagua potasiamu, akapata alama yake. Mkimuuliza, atawaambia alikuwa anasitasita kati ya hiyo na bikaboneti, akabahatisha.

Ukurasa wenu unawaambia watatu wa kwanza kitu kilekile: endokrini, chini ya wastani. Wanafungua kitabu, wanaanza na tezi ya thairoidi, wanapita kwenye adrenali, wanafika kwenye kisukari wakiwa wamechoka, na huko wanasoma yale yale wanayoyajua tayari. Wa nne anaambiwa endokrini iko salama. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyepata alichokihitaji, na wote wanne wamelipa.

Fikirini maabara ingeturudishia karatasi yenye maneno "damu: si ya kawaida" bila kutaja kipimo gani wala kiasi gani. Tungeirudisha karatasi hiyo siku hiyo hiyo, na tungepiga simu kwa mkuu wa maabara. Kwa wanafunzi wetu tunaiita mrejesho.

Mchoro wa mifumo ya mwili una tatizo jingine ambalo wataalamu wenu wa takwimu wanalijua vizuri kuliko mimi, na nashangaa halisemwi kwa sauti. Mtihani wa maswali 200 ukiugawa katika mifumo kumi na minane, kila mfumo unabaki na maswali kumi na moja hivi. Mwanafunzi ambaye uwezo wake halisi ni kujibu maswali sita katika kila kumi anaweza kupata manne leo na manane wiki ijayo bila chochote kubadilika kichwani mwake. Ni bahati ya maswali yaliyoangukia fungu hilo. Mchoro utasema amepanda. Atafurahi, ataacha kusoma figo. Au utasema ameshuka, naye atatupa wiki nzima kwenye mfumo ambao hauna shida. Alama ya jumla, iliyokusanywa kutoka maswali yote 200, inategemeka. Vipande vyake, vikiwa vidogo hivyo, havitegemeki, na kuvichora kwa rangi nzuri hakuvipi uzito. Kama lazima mviweke, basi wekeni na upana wa makadirio, yaani alama halisi inaweza kuwa kati ya ngapi na ngapi, na mseme kwa maneno ya kawaida kwamba tofauti ndogo kati ya mtihani mmoja na mwingine si habari.

Swali moja lenye maelezo, kwa upande mwingine, halihitaji takwimu yoyote ili liwe na faida. Mwanafunzi amekosa, ameona kwa nini, amejifunza. Hata kama mtihani mzima ungekuwa na maswali matano.

Kuna jambo linalohusu machaguo yenyewe ambalo linapaswa kuwanyima usingizi wale wanaoficha majibu. Mtunzi mzuri wa maswali hutengeneza vipotoshi vinavyovutia, yaani machaguo yasiyo sahihi yanayofanana na jibu. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mwanafunzi aliyechagua kipotoshi hafuti kumbukumbu akibofya "maliza". Mwaka 2005 watafiti Roediger na Marsh walionyesha kwamba wanafunzi waliofanya mtihani wa kuchagua jibu, walipoulizwa tena baadaye bila machaguo, baadhi yao waliviandika vipotoshi vya ule mtihani kama majibu. Mtihani ulikuwa umewafundisha kosa. Miaka mitatu baadaye, 2008, Butler na Roediger walionyesha dawa yake: mwanafunzi akipewa jibu sahihi, iwe papo hapo au baadaye kidogo, madhara hayo yanapungua na faida ya kufanya mtihani inaongezeka. Kwa hiyo mtihani usio na majibu hauko katikati kati ya faida na hasara. Kwa mwanafunzi aliyekosa maswali mengi, anayeuhitaji kuliko wote, unaweza kumwacha na mambo ya uongo ambayo hakuwa nayo asubuhi.

Namrudia yule wa nne, aliyebahatisha. Mifumo mingi ya mtandao, hata ile inayotoa maelezo, huonyesha maelezo ya maswali yaliyokosewa tu. Hapo kuna hesabu inayosahauliwa. Mwanafunzi akibahatisha maswali 40 yenye machaguo matano kila moja, atapata takriban manane. Manane hayo yamehesabiwa kuwa ujuzi. Mwanafunzi hayaoni tena, na siku ya mtihani wenyewe, au siku ya mgonjwa, bahati haitakuwapo. Butler, Karpicke na Roediger waliligusa jambo hili pia mwaka 2008: kuonyeshwa jibu sahihi huwasaidia wanafunzi kushika hata majibu waliyoyapata sawa ila bila uhakika. Wekeni maelezo kwenye maswali yote.

Na kama mngependa kwenda hatua moja mbele, muulizeni mwanafunzi kwenye kila swali ana uhakika kiasi gani kabla hajasonga. Si jambo geni. Pale University College London, Tony Gardner-Medwin aliuanzisha mfumo huo kwa wanafunzi wa tiba tangu miaka ya 1990. Mwanafunzi huchagua kiwango cha uhakika: cha chini, akipata ana alama 1 na akikosa hapotezi kitu, cha kati, akipata 2, akikosa anakatwa 2, cha juu, akipata 3, akikosa anakatwa 6. Sisemi kwamba mkate alama. Kwenye mtihani wa kujipima alama zenyewe hazina kazi kubwa. Lakini orodha ya maswali ambayo mwanafunzi alikuwa na uhakika nayo kabisa na akakosa ni orodha ninayoitaka mezani kwangu kuliko mchoro wowote. Huyo ndiye daktari wa kesho atakayempa mgonjwa insulini bila kusita. Kuna habari njema hapo pia: utafiti wa Butterfield na Metcalfe wa 2001 ulionyesha kwamba makosa yaliyofanywa kwa uhakika mkubwa ndiyo yanayosahihishika vizuri zaidi mtu akionyeshwa jibu. Mshangao unafundisha. Mshangao hauwezi kutokea kwa mtu asiyeonyeshwa.

Najua mtakachosema. Maswali ni mali, yanagharimu fedha na miezi ya kazi, na yakionekana yatapigwa picha na kusambazwa kwenye makundi ya simu kabla jua halijazama. Hoja hiyo ina uzito kwenye mtihani wa leseni. Pale swali lililovuja linamdhulumu kila mtahiniwa mwaminifu, na hatimaye linamdhulumu mgonjwa. Kwenye mtihani wa kujipima hoja hiyo inageuka. Anayeiba majibu ya mtihani wa kujipima anamdanganya nani? Igawanyeni benki ya maswali pande mbili. Maswali ya leseni yabaki nyuma ya ukuta wake. Maswali yaliyokwisha kutumika vya kutosha na kustaafishwa yahamie upande wa pili, yapewe maelezo, yawe ya kufundishia tangu siku hiyo na yasirudi tena.

Wapo walioufanya mlango huo uwe wazi. Bodi ya mitihani ya udaktari ya Marekani, NBME, ambayo mitihani yake ya kujipima hutumiwa na wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni wa USMLE, siku hizi humrudishia mtahiniwa maswali pamoja na maelezo ya majibu. Bodi hiyo haikufa. Hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni wenyewe, iitwayo Step 1, iliacha kutoa alama za tarakimu tatu tangu Januari 26, 2022, ikawa ya kufaulu au kutofaulu tu; maana yake ni kwamba kwa mwanafunzi wa aina hiyo mtihani wa kujipima ni moja ya sehemu chache zilizobaki za kujua amesimama wapi. Zamani zaidi, Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kilianza miaka ya 1970 mtihani wa maendeleo unaofanywa na wanafunzi wa miaka yote kwa pamoja, mara nne kwa mwaka. Wanafunzi waliondoka na karatasi ya maswali na majibu yake, na waliruhusiwa kulipinga swali walilodhani lina kasoro. Lililothibitika kuwa bovu liliondolewa kwenye hesabu. Mtihani huo pia uliruhusu mtu kujibu "sijui" bila aibu, jambo ambalo sisi madaktari tungenufaika nalo tukilizoea mapema.

Hilo la kupinga swali nalipenda sana, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Mifumo yenu mingi ina kitufe cha kuripoti swali. Mwanafunzi anakibofya, anaandika aya tatu, anapata ujumbe wa shukrani uliotumwa na mashine, kimya. Lakini maswali ya tiba huzeeka. Chukueni swali la mtu mwenye presha ya 134/84: ana shinikizo la damu au hana? Wamarekani, katika mwongozo wao wa 2017, walishusha mpaka hadi 130/80, kwa hiyo anao. Wazungu wa Ulaya, mwaka 2018, wakabaki na 140/90, kwa hiyo hana. Swali hilo likikaa kwenye mtihani bila kutaja limesimama kwenye mwongozo gani, mwanafunzi aliyesoma vizuri atakosa, na atabaki akijiuliza nini hajui. Kila maelezo ya jibu yataje mwongozo ulioyazaa na mwaka wake. Na kila swali lililoripotiwa lipate jibu la mtu, hata la mstari mmoja: limeangaliwa, limebaki kwa sababu hii, au limeangaliwa, limeondolewa. Wanafunzi watawafanyia kazi ya uhakiki ambayo sasa mnailipia.

Maelezo yenyewe nayo yawe maelezo. Nimewahi kuona haya, neno kwa neno au karibu na hapo: "Jibu sahihi ni C. Machaguo A, B, D na E si sahihi." Nimeona pia kinyume chake, kurasa mbili zilizonyofolewa kwenye kitabu kuhusu ugonjwa mzima, kuanzia historia ya ugunduzi wake, na mwanafunzi anapekua humo kutafuta kilichomwangusha. Maelezo mazuri ni mafupi na yanaanzia pale mwanafunzi aliposimama. Kwa aliyechagua insulini: "Insulini inahitajika, lakini si sasa. Tazama potasiamu. Insulini itaishusha zaidi na inaweza kuleta mdundo hatari wa moyo. Potasiamu ya chini kwa mgonjwa huyu ina maana akiba ya mwili imekwisha." Kwa aliyechagua bikaboneti: "Asidi itashuka yenyewe maji na insulini vikifanya kazi, kwa pH ya 7.1 faida ya bikaboneti haijaonekana, nayo pia huishusha potasiamu." Kisha neno moja la kubeba kutoka hapo: kabla ya insulini, potasiamu. Kama swali lina kipimo cha moyo au picha ya kifua, picha hiyo irudi kwenye maelezo ikiwa na mshale pale penye tatizo. Kumwandikia mtu kwamba "kuna mabadiliko kwenye sehemu ya ST" bila kumwonyesha ni kumrudisha pale pale.

Nani aandike? Yule yule aliyetunga swali, siku ile ile alipolitunga, kwa sababu siku hiyo anajua kwa nini aliweka kila kipotoshi. Baada ya mwaka hata yeye amesahau. Wekeni sharti kwamba swali lisilo na maelezo ya kila chaguo haliingii kwenye benki. Mtagundua kitu kingine: mtunzi akilazimika kueleza kwa nini chaguo D si sahihi, mara nyingine atakuta kwamba D nayo ni sahihi.

Kwa maswali ya zamani yasiyo na maelezo, najua kuna kishawishi cha kuyapa akili mnemba iyaandikie yote usiku mmoja. Isaidie kuandika rasimu, sina ugomvi. Lakini asiwepo mwanafunzi atakayesoma maelezo ya dozi au ya hatua ya matibabu ambayo hakuna daktari bingwa wa eneo hilo aliyeyasoma na kuyakubali. Programu hizo huandika uongo kwa lugha iliyonyooka kuliko ukweli wa wengi wetu.

Kuhusu wakati, sina msimamo mkali. Wapo wanaotaka jibu baada ya kila swali, na wapo wanaotaka kwanza waonje saa nne za mtihani halisi bila kukatizwa. Mwacheni mwanafunzi achague mwanzoni. Nisichokikubali ni kusubiri. Ukurasa wa maelezo ukifunguliwa wiki mbili baadaye, mwanafunzi hakumbuki tena alivyowaza, na kosa la kuwaza ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Nisichokikubali pia ni kiungo kinachojifunga baada ya siku chache, kana kwamba mtu hujifunza mara moja. Mwanafunzi aweze kurudi kwenye maswali aliyoyakosa mpaka siku ya mtihani wake wa mwisho, na aweze kuyafanya upya bila kuona majibu.

Na lugha ya ukurasa. Mwaka 1996 Kluger na DeNisi walikusanya matokeo zaidi ya 600 ya tafiti kuhusu mrejesho. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ulishusha utendaji, na maelezo waliyoyatoa ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyohamisha macho ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake. Sasa tazameni ukurasa wenu: nyekundu pande zote, "uko chini ya asilimia 78 ya wenzako", bila swali hata moja la kufanyia kazi. Kila kitu humo kinazungumzia nafsi. Sijasema muwafiche wanafunzi alama zao. Ni watu wazima, wanataka kuzijua, na mwanafunzi aliye mbali na kiwango cha kufaulu anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi kabla hajalipia mtihani mkubwa. Nasema alama ije na kazi ya kufanya. Nafasi ya mtu kati ya wenzake iwe nyuma ya kitufe, aifungue anayeitaka.

Mtu anaweza kuniambia kwamba mwanafunzi wa udaktari ni mtu mzima, ajitathmini mwenyewe ajue alipokosea. Ningependa iwe hivyo. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa kwenye jarida la tiba la JAMA mwaka 2006 yalilinganisha jinsi madaktari wanavyojipima wenyewe na jinsi wanavyopimwa na wengine, na katika sehemu kubwa ya milinganisho hiyo viwili havikufuatana. Waliojikadiria vibaya zaidi ni wale wenye ujuzi mdogo na wale wenye kujiamini kupita kiasi. Hao walikuwa madaktari kamili. Mwanafunzi aliyeachwa na alama na mchoro ana nafasi gani?

Ninachowaomba mkifanye sasa hakihitaji mfumo mpya. Chagueni mtihani mmoja wa kujipima kati ya mlio nao, ule wa zamani kuliko yote, ambao maswali yake hamtayarudisha tena kwenye mtihani wa leseni. Uwekeeni maelezo ya kila chaguo, yasomwe na mabingwa, yawe na mwongozo na mwaka. Ufungueni kwa waliokwisha kuufanya na kuulipia, bila kuwatoza tena. Kisha angalieni ni maswali gani yanaripotiwa zaidi na yapi yanakosewa na wenye uhakika mkubwa, mkaanzie hapo kwenye mitihani mingine. Na kabla ya usajili wa awamu ijayo, andikeni kwenye ukurasa wa malipo, juu ya kitufe cha kulipa, kile mwanafunzi atakachokipata baada ya kumaliza: maswali yatarudi au hayatarudi, yatakuwa na maelezo au hayatakuwa nayo, na ukurasa utabaki wazi mpaka lini.

Wenu katika kazi,

Daktari na mkufunzi wa wanafunzi wa tiba wodini